Nyumba ya Vyumba Sita

Ikitangazwa nyumba ya zamani inauzwa Magomeni, Temeke au Buguruni, wanunuzi wengi huuliza mambo mawili: kiwanja kina ukubwa gani, na barabara ya lami iko mbali kiasi gani. Nyumba yenyewe hawaiulizi. Kwao imeshabomolewa, imebaki kupatana bei ya ardhi iliyo chini yake. Mimi naona huko ni kukagua nusunusu. Nyumba kongwe yenye nafasi, iliyoko katika mtaa wa watu wa kipato cha chini, ina mengi ya kumfundisha anayeitazama kwa utulivu. Kubwa kuliko yote ni hili: kuna kasoro zinazotengenezeka kwa fedha, na kuna kasoro ambazo fedha haizigusi. Asiyezitenganisha hukataa nyumba njema kwa sababu ya rangi iliyobabuka, akaenda kununua balaa kwa sababu ya vigae vinavyong'aa.

Ramani ya nyumba hizi kila mkazi wa Dar es Salaam anaijua: baraza mbele, mlango mkubwa, korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kisha ua wenye jiko, bafu, choo na stoo. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia serikali ya kikoloni ilipanua makazi ya Waafrika nje ya Kariakoo na Ilala, na mitaa kama Magomeni na Temeke ikajaa nyumba za namna hiyo, nyingi zikiwa za miti na udongo. Nchi ilipopata uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, lilibomoa nyumba za udongo katika sehemu za Magomeni na kujenga za matofali. Ramani ikabaki karibu ileile, kwa sababu watu walishaona faida yake. Mwenye nyumba alikaa vyumba viwili na familia yake, vinne akapangisha. Kodi ya vyumba hivyo ilisomesha watoto, ikamtunza mzee asiye na pensheni, ikamsitiri mjane asirudi kijijini mikono mitupu. Na Magomeni haikuwa pembezoni mwa historia ya nchi. Mwalimu Nyerere alipoacha kazi ya ualimu Pugu mwaka 1955 ili ashike siasa, aliishi Magomeni, na nyumba yake huko leo ni makumbusho.

Kwa hiyo mdogo wangu na mumewe walipotaka kununua nyumba ya namna hiyo na kuniomba niwasindikize kuikagua, nilikwenda kwa moyo wote. Tulifuatana na fundi mzee, mtu wa maneno machache. Dalali alitupokea barazani na kuanza kusifia: nyumba kubwa, ua mpana, kituo cha mwendokasi hakiko mbali. Yote yalikuwa kweli. Tangu mabasi hayo ya mwendokasi yaanze kupita Barabara ya Morogoro mwaka 2016, viwanja vya jirani yake vimekuwa vikitafutwa sana. Fundi alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akaingia ndani bila kuutazama ukuta uliopakwa rangi mpya. Alikwenda moja kwa moja kwenye pembe ya dirisha la chumba cha mwisho, akainama.

Pale palikuwa na ufa ulioshuka mshazari kuelekea sakafuni. Fundi alitoa penseli sikioni, akachora kistari mahali ufa unapoishia, akaandika tarehe pembeni. Akatuambia turudi masika yakipita. Ufa ukikivuka kile kistari, msingi unatembea. Ukibaki palepale, nyumba ilishakaa siku nyingi na kinachohitajika ni fundi wa lipu tu. Nimekutana na watu wengi wanaotoa hukumu ya ufa kwa kuutazama mara moja. Mzee yule aliyejenga maisha yake yote aliupa muda.

Kisha akatuonyesha yanayotengenezeka. Chini ya kuta, kufikia usawa wa goti, lipu ilikuwa imelika na kuacha unga mweupe. Hiyo ni chumvi. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi, basi maji yanapanda kutoka ardhini na kubeba chumvi, na kama mchanga wa kujengea ulitoka pwani bila kuoshwa, chumvi inakuwa maradufu. Dawa yake ni kugonga lipu yote ya chini, kuacha ukuta ukauke sawasawa, na kupiga upya kwa mchanganyiko unaofaa. Bati lilikuwa limeshika kutu, lakini mbao za kenchi alipozichoma kwa msumari hazikuingia kirahisi. Mchwa hakuwahi kuzifikia. Nyaya za umeme ni za enzi ambayo chumba kilikuwa na taa moja na redio, hazikukusudiwa friji na pasi. Zote zing'olewe, ziwekwe mpya. Yote hayo ni gharama, tena si ndogo, lakini yanaandikika kwenye karatasi, yanapigiwa hesabu, na yanakatwa kwenye bei.

Alituonyesha pia uzuri ambao nyumba mpya nyingi hazina. Dari liko juu. Ukifungua mlango wa mbele na wa ua, upepo unapita koridoni mchana kutwa, na katika jiji lenye joto kama letu hilo ni punguzo la kila mwezi kwenye umeme. Ua unatosha kufunga turubai la msiba au la harusi bila kwenda kukodi ukumbi. Nafasi kama hiyo mjini ni utajiri, hata kama lango lake linatazama mtaro na kibanda cha chipsi.

Tulipofika uani ndipo tulipoanza kuyaona yale mengine. Mama mmoja mtu mzima, mpangaji wa siku nyingi kuliko wote, alikuwa anachambua mchicha. Mdogo wangu akamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mnaitaka nyumba?"

"Tunaitazama kwanza. Maji ya Jangwani yanafika huku?"

Bibi akaweka kisu chini. "Ya elfu mbili na kumi na moja yaliishia kule kona, hapa hayakupanda. Lakini karo hili, masika likijaa linarudisha bafuni. Na gari la kunyonya haliingii uchochoro huu, wanaunga mipira mpaka barabarani."

Mafuriko aliyoyataja ni yale ya Desemba 2011, yaliyoua watu jijini na kufanya serikali iwahamishie baadhi ya wakazi wa bondeni Mabwepande. Bonde la Msimbazi, ambalo Jangwani ni sehemu yake, limekatiza katikati ya jiji, na anayenunua nyumba kando yake lazima ajue maji yalifika wapi. Hakuna fedha ya kununua kimo cha kiwanja. Habari hiyo hatukuipata kwa dalali wala kwa muuzaji. Tuliipata kwa mtu ambaye hakuna aliyekuwa amefikiri kumuuliza, kwa kuwa yeye ni mpangaji tu. Ukitaka kuijua nyumba, muulize aliyelala ndani yake mvua ikinyesha.

Lililo zito zaidi lilikuwa bado. Nyumba iliandikwa jina la baba ambaye alishafariki, na aliyekuwa anaiuza ni mtoto wake wa kwanza wa kiume. Alizungumza kwa heshima, akasema yeye ndiye mkubwa na wadogo zake wamekubali. Lakini ukubwa wa kuzaliwa haumpi mtu mamlaka ya kuuza mali ya marehemu. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye anawajibika kwa warithi wote. Tulipouliza zaidi tukaambiwa yuko dada yao aliyeolewa Tanga, na huyo hakuwa ameambiwa. Mjane pia alikuwepo, mgonjwa, katika chumba cha mbele.

Dalali akatuhimiza: kuna mteja mwingine anakuja kesho na fedha taslimu. Shemeji yangu akamjibu kwa upole kwamba kama huyo mteja anakuja, basi riziki ni yake. Jibu hilo lilinifurahisha kuliko jambo lolote tulilolisikia siku ile. Ukuta wenye chumvi unapigwa lipu. Haki ya dada aliyefichwa haipigwi lipu. Utaifunika leo, itachomoza miaka kumi baadaye mahakamani, wakati umeshaezeka upya na watoto wako wamezoea shule ya jirani.

Hapo ndipo mnunuzi anapopaswa kuwa na subira. Afanye upekuzi ofisi ya ardhi ajue jina lililosajiliwa na kama kuna mkopo juu ya hati. Aangalie muda uliobaki, maana hati hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, na iliyotolewa kwa miaka 33 mwaka 1985 muda wake uliisha 2018. Ajue kama anachoonyeshwa ni hati kamili au ni leseni ya makazi, ambayo ni ya miaka michache tu. Kama muuzaji ana mwenzi, akumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Aulize deni la kodi ya pango la ardhi. Kisha aende serikali ya mtaa, akae, asikilize.

Kuna jambo jingine ambalo wakaguzi wa nyumba hawaliandiki. Vyumba vilikuwa na watu. Kwetu kodi hulipwa kwa mkupuo wa miezi kadhaa mbele, na wapangaji wale walikuwa wameshalipa, fedha ikatumika kumtibu mjane. Anayenunua nyumba kama hiyo akaingia na kufuli mpya kesho yake, anakuwa amewatoza watu maskini gharama ya ununuzi wake. Mdogo wangu aliamua kwamba kodi iliyolipwa ikatwe kwenye bei, na kila mpangaji akae mpaka miezi yake iishe. Sheria au hakuna sheria, huo ndio uungwana, na ndio unaomfanya mgeni akubalike mtaani. Jirani wa uswahilini ndiye anayekimbia kwanza moto ukiwaka. Huwezi kuanza ujirani kwa kutupa godoro la mtu nje.

Nimeitafakari nyumba ile mara nyingi, na naona tunavyokagua nyumba ndivyo tunavyokaguana sisi wenyewe. Kijana anamkataa mchumba kwa sababu kwao ni uswahilini Tandale, anamchukua mwingine kwa ajili ya gari, baadaye anagundua kwamba ukweli hauna duka la vipuri. Mwajiri anamwacha mtu mwaminifu kwa kuwa hajui kompyuta, jambo la kufundishwa kwa mwezi mmoja, anamwajiri mjuzi asiyeaminika. Watoto wanawaona wazazi wao wamechakaa, wanasahau kwamba uchakavu ule umetokana na kubeba familia nzima. Umaskini, elimu ndogo, lafudhi ya kijijini, nguo zilizopauka: hivyo vyote ni lipu na bati. Dhuluma, uongo na dharau kwa walio chini yako viko kwenye msingi, na huko fundi hafiki kwa urahisi. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nami nimeona kwamba ukishaingia ndani usiishie sebuleni. Fika uani, na uulize kwa adabu.

Dada wa Tanga aliitwa. Mahakama ikamteua msimamizi wa mirathi, warithi wote wakasaini, na mjane akatengewa fungu lake kabla ya mtu mwingine yeyote kushika shilingi. Masika yalipita, na ufa haukukivuka kile kistari. Mdogo wangu aliilipia nyumba kwa bei iliyokuwa juu kidogo ya ile ya kwanza, hata baada ya kodi ya wapangaji kukatwa, na nasema ilistahili, kwa sababu alinunua nyumba isiyo na kilio cha mtu ndani yake.

Ndugu msomaji, ukipata nafasi ya kununua nyumba kongwe katika mitaa yetu, usiidharau na usiikimbilie. Anza na haki za watu, fuatia maji, kisha msingi na paa. Rangi iwe ya mwisho. Na aliyekukuta ukiingia, awe mjane au mpangaji, umtangulize kwenye hesabu zako kabla hujachagua vigae.