Ngege wa Kweli Yuko Wapi? Safari ya Dunga na Kanyaboli

Mwezi wa Agosti nilipata likizo ya siku chache, nikafunga safari kwenda Kisumu kumtembelea ndugu yangu. Jambo la kwanza alilonifanyia ni kunipeleka kula samaki. Akaniletea ngege mzima wa kukaanga pamoja na ugali, nami nikamsifu samaki yule kwa maneno mengi. Karibu nasi alikuwa ameketi mzee mmoja, mvuvi wa zamani. Akacheka kidogo, kisha akasema, “Mwanangu, samaki wako ni mtamu, lakini huyo si ngege. Ngege wa kweli alikwisha kuondoka katika ziwa hili. Ametuachia jina lake tu.”

Maneno hayo yalinishangaza, nikamwomba anieleze. Akaniambia, “Njoo Dunga kesho asubuhi, nami nitakuonyesha.”

Dunga ni ufuo wa wavuvi, mwendo wa kilometa chache tu kusini mwa mji wa Kisumu. Nilifika jua lilipokuwa likichomoza. Mitumbwi ilikuwa ikiingia mmoja mmoja, na akina mama walikuwa wakingoja kando ya maji na mabeseni yao, kila mmoja akimtazamia mvuvi wake. Wengine walikuwa wakianika omena juu ya nyavu kuukuu zilizotandikwa chini. Omena walikuwa tele, kwa kuwa kwa miaka mingi Kenya imekuwa na desturi ya kuufunga uvuvi wao kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili wapate kuzaana, na Agosti ndio mwezi wa mavuno.

Yule mzee nilimkuta ameketi chini ya mti, akishona wavu. “Shikamoo, Jaduong',” nikamwamkia. Akaitikia, akanipa jiwe la kukalia. Kisha akachukua tundu moja la wavu ule, akalivuta kwa vidole viwili mpaka pande zake zikakutana kama uzi mmoja. Akaweka rula toka fundo mpaka fundo. “Inchi tano,” akasema. “Haya ndiyo mambo yote ya ziwa. Waweza kusoma vitabu vingi, lakini habari yenyewe ni hii hapa.”

Yafaa nieleze kwa wasomaji walio mbali na ziwa. Wavu wa kutega husimama majini kama ukuta. Samaki mdogo hupenya katika tundu akaenda zake. Samaki mkubwa mno hawezi kuingiza kichwa. Yule wa kadiri ya tundu hupitisha kichwa, na akitaka kurudi nyuma, uzi humnasa kwenye matamvua. Kwa hiyo, anayechagua tundu la wavu amekwisha kuchagua umri wa samaki atakaokula. Tundu la inchi 5, yaani milimita 127, lilimwacha ngege mchanga apite, akue na kuzaa kabla ya kunaswa. Tena ngege hazai kwa wingi kama samaki wengine. Jike huyatia mayai yake kinywani, akayalea humo pamoja na vitoto vyake mpaka viweze kujitegemea. Kumvua jike kabla hajazaa ni kuuza mtamba kabla hajapata ndama hata mmoja.

Zamani watu wa kando ya ziwa walivua kwa mitego ya mafunjo, kwa ndoana, na kwa uzio uliojengwa mitoni. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 nyavu za kutega zilizofumwa kwa nyuzi za kitani zikaletwa katika ghuba. Kwa nyavu hizo mvuvi alipata samaki wengi kwa usiku mmoja, na kwa reli samaki hao wakapata wanunuzi wa mbali. Hapo biashara ikakua upesi. Lakini haikupita miaka mingi, wavu uleule uliokuwa ukijaa ukawa unaleta samaki wachache tu. Katika miaka ya 1927 na 1928 mtaalamu aitwaye Michael Graham alitumwa kulipima ziwa na samaki wake. Shauri lake lilikuwa kwamba nyavu zenye tundu dogo kuliko inchi 5 zikatazwe. Sheria hiyo ikawekwa katika miaka ya 1930 katika nchi zote tatu, Kenya, Uganda na Tanganyika.

“Je, watu waliitii?” nikamwuliza.

Mzee alinyamaza kidogo. “Wengine walitii, wengine walificha nyavu zao mafunjoni,” akasema. “Baba yangu aliitii. Mimi nilikuwa mtoto, nikamwona akirudi na samaki watano, na jirani mwenye wavu wa siri akirudi na ishirini. Mama alinung'unika. Baba akasema, chovya chovya humaliza buyu la asali.”

Walinzi wa sheria walikuwa wachache, na ziwa ni pana. Nyavu za nailoni zilipokuja katika miaka ya 1950, zenye nguvu na zisizooza upesi, kazi yao ikazidi kuwa ngumu. Tena wako waliosema kwamba ziwani mna samaki wengine wadogo wasioweza kunaswa kwa inchi 5, na kwamba ni hasara kuwaacha. Mwaka 1956 Uganda na Tanganyika ziliondoa sheria hiyo. Kenya iliifuata mwaka 1961.

“Mwaka ule nilikuwa kijana mwenye nguvu,” mzee akaendelea. “Nikanunua wavu wa inchi nne. Kwa muda tulipata samaki wengi sana, tukawacheka wazee wa inchi tano. Kisha wakapungua, nasi tukapunguza tundu tena. Wakapungua tena. Kila mara tulipoona wavu hauleti kitu, tulidhani dawa ni wavu mdogo zaidi. Baba yangu alikufa kabla sijamwambia kwamba yeye ndiye aliyekuwa na haki.”

Sikuwa na la kumjibu. Akaendelea kushona wavu wake.

Kwa kweli nyavu pekee hazikumwondoa ngege. Katika miaka ya 1950 na 1960 waliletwa ziwani samaki wageni. Mmoja ni mbuta, ambaye wengine humwita sangara, alaye samaki wenzake. Mwingine ni jamaa ya ngege kutoka maji ya mto Nili, na huyu ndiye niliyeletewa mezani. Ngege alikwisha kudhoofika kwa nyavu, na wageni hawa wakamkuta hana wingi wa kushindana nao. Aliye mgonjwa hushindwa na baridi ambayo mzima haihisi.

Sheria za tundu zimerudi. Inchi 5 ilirudishwa kuwa kipimo cha nyavu za kutega, na nyavu za kukokotwa mpaka ufukoni, ambazo huzoa hata vifaranga na mayai, zilipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 2001. Kwa ajili ya mbuta nchi tatu za ziwa zilikubaliana kwamba viwanda vipokee samaki wa urefu wa kati ya sentimita 50 na 85. Wadogo waachwe wakue, na wakubwa sana waachwe kwa kuwa ndio wenye mayai mengi. Tena tangu mwaka 2007 kanuni za Kenya zimezipa kamati za wavuvi wa kila ufuo kazi ya kulinda, pamoja na maofisa wa serikali. Jambo hili mzee alilisifu kuliko yote. “Ofisa huja na kuondoka,” alisema. “Jirani yangu ananiona kila siku.”

Nilipotaka kuaga, akaniambia, “Kama wataka kumwona ngege mwenyewe, nenda Kanyaboli.”

Kesho yake nikapanda gari kupitia Maseno hadi Siaya, na kutoka hapo nikachukua pikipiki mpaka ukingoni mwa kinamasi cha Yala. Ziwa Kanyaboli ni dogo, limezungukwa na mafunjo marefu kuliko mtu. Humo huishi nzohe, mnyama apendaye maji. Kimya chake si kama kelele za Dunga. Mafunjo hayo ndiyo ngome ya ngege. Maji yaliyo chini yake yana hewa haba, na mbuta hawezi kuyapita. Basi ngege aliyetoweka katika ziwa kubwa akabaki katika kidimbwi hiki, kama mbegu iliyosahauliwa ghalani.

Kijana mmoja mvuvi alinionyesha samaki wake. Nilimwona ngege wa kweli kwa mara ya kwanza, mdogo kuliko nilivyomtazamia. Ngege wa Kanyaboli hukomaa akiwa na umbo dogo, kwa hiyo kipimo cha ziwa kubwa hakiwezi kuchukuliwa hivi hivi tu na kuwekwa hapa. Kila maji yana kipimo chake, na sharti wataalamu na wavuvi wakitafute pamoja. Nilimwuliza kijana kama wavu wake ni wa halali. Akautazama, kisha akautazama uso wangu. “Karo ya shule haingoji samaki akue,” akanijibu.

Jibu hilo sikuweza kulidharau. Aliye na njaa leo huona taabu kumwachia samaki mpaka mwaka ujao. Lakini nilimsimulia habari ya mzee wa Dunga, naye alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, “Huyo mzee sasa anatumia wavu wa inchi ngapi?” Nikamwambia, “Tano. Nilipima kwa macho yangu.”

Ndugu wasomaji, sisi wakulima twajua kwamba mtu alaye mbegu hapandi. Ziwa ni shamba lisilo na ua, na mavuno yake hayaonekani mpaka wavu utoke majini. Serikali yaweza kuandika inchi ngapi, lakini mkono unaonunua wavu dukani ni mkono wa mvuvi, na mkono unaonunua samaki mchanga sokoni ni wako na wangu. Tangu safari ile, nikiwa sokoni, kwanza natazama urefu wa samaki, ndipo niulize bei.