Majina Yaliyotoka Chini ya Godoro

Kazi yangu ni kuandika majina. Tangu mauaji yaanze pembezoni mwa Beni, mashariki mwa Kongo, mnamo Oktoba 2014, watu wanakimbilia Butembo, na sisi wa kamati ndogo ya mji huo, huku Kimemi, tunawasikiliza: nani ameuawa, nani amepelekwa porini, nani aliona na yuko tayari kusema. Kwa miaka mingi hayo yote yalikaa katika kaye za shule, na kaye zilikaa chini ya godoro langu. Nililala juu ya vifo vya watu.

Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mahakama za kijeshi zikaanza kuhukumu hata raia. Kaye yenye jina la shahidi ilizidi kuwa kitu cha hatari, iwe itaangukia kwa waasi au kwa mwenye cheo. Ndipo kijana mmoja wa mtaani, aliyesomea kompyuta, akaanza kuja kwetu jioni. "Mama," aliniambia, "haya majina yaingie kwenye mashine, yafungwe humo."

Nilimkatalia. Karatasi naiona, tumbo la mashine silioni. Hadi leo sidhani kama shaka ile ilikuwa ya kijinga, naye hakuniomba niiache. Alinipa dadu.

Njia aliyonifundisha ya kutunga neno la siri inaitwa Diceware, na aliyeibuni ni Mmarekani Arnold Reinhold, mwaka 1995. Unarusha dadu mara tano, unaandika tarakimu tano ulizopata, unazitafuta kwenye orodha ya maneno 7,776. Hapo umepata neno moja. Unarudia mpaka yafike sita. Maneno yenyewe hayana uhusiano wowote, ndiyo maana yanachekesha, na kinachochekesha hakisahauliki upesi. Kilichonishangaza ni kwamba orodha hiyo si siri. Adui anaweza kuwa nayo mezani, ajue kabisa kwamba nimechagua maneno sita humo, na bado mashine inayojaribu mara trilioni moja kwa sekunde ingehitaji miaka ipatayo 7,000 kumaliza kuyajaribu yote. Mimi ningechagua kwa kichwa, ningechagua jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa, kama mji mzima unavyofanya.

Kazi hiyo haidai umeme wala intaneti. Huku kwetu hilo si jambo dogo: serikali ilikata intaneti nchi nzima baada ya uchaguzi wa Desemba 2018. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Tovuti inayokutungia neno la siri inaweza kubaki na nakala yake, na wewe huna njia ya kujua. Dadu hazikumbuki kitu.

Maneno yangu sita yanafungua faili moja tu, ya KeePassXC. Programu hiyo ndiyo inayotunga maneno mengine yote ya siri, humo humo kwenye kompyuta, marefu na ya ovyo kiasi kwamba sijaribu hata kuyasoma. Majina yenyewe yamefungwa kwa programu nyingine, VeraCrypt. Kwa mazungumzo tunatumia Signal.

Kwa nini hizo na si nyingine? Mkulima wa kakao wa Beni hauzi kwa mzani uliofichwa nyuma ya pazia, na kijana alinionyesha kwamba mambo ya siri yanapimwa hivyo hivyo. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs aliandika kwamba mfumo mzuri hauharibiki hata ukiangukia mikononi mwa adui. Kinachofichwa ni ufunguo tu. Serikali nyingi hazikumsikia. Zilinunua mashine za kampuni ya Uswisi iitwayo Crypto AG, na Februari 2020 ikafichuka kwamba wenye kampuni hiyo kwa siri walikuwa CIA na majasusi wa Ujerumani. Kinyume chake ni TrueCrypt, programu ya kufungia faili: Mei 2014 waundaji wake, wasiojulikana kwa majina, waliwaambia watu waache kuitumia, bila maelezo ya kueleweka. Kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi, wengine waliukagua na hawakukuta mlango wa siri, na kazi ikaendelea katika VeraCrypt. Nayo ilipokaguliwa mwaka 2016 ilikutwa na kasoro nzito, nyingi zikarekebishwa hadharani. Mimi kasoro zilizotangazwa zinanipa imani kuliko sifa.

Hesabu haimshindi mwenye bunduki, hilo tusidanganyane. Kwenye bariere ya barabarani akikwambia fungua, utafungua. Kwa hiyo kompyuta haisafiri barabara ya Beni, na simu inasafiri tupu. Tukimaliza kuandika tunaizima kompyuta kabisa, maana ikiachwa inawaka na faili zimefunguliwa, ni kama hatukufunga kitu.

Hivi karibuni mgeni wa mradi mmoja alituletea programu mpya ya kuhifadhia ushahidi. Alisema usimbaji wake ni wa kiwango cha kijeshi, sifa ambayo katika mji huu haimvutii mtu. Nilimuuliza msimbo wake unapatikana wapi, nani ameukagua, na ufunguo unatungwa kwenye kompyuta yetu au kwao. Aliandika maswali yangu, akaahidi kuuliza ofisini. Majina bado yako kwenye VeraCrypt.