Herufi Iliyoanguka Njiani

Sisi wazazi tu wepesi wa kumkemea mtoto aliyeacha herufi moja katika daftari lake. Lakini mimi niliyekulia Tabora nakumbuka kwamba ziko herufi zilizoanguka katika njia ya misafara, zisiokotwe tena.

Tazama jina Uganda. Waganda wenyewe huiita nchi yao Buganda. Lakini wapagazi na viongozi wa misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora walisema Kiswahili, nacho huzitaja nchi kwa U: Ugogo, Unyamwezi, Usukuma. Hivyo Buganda ikawa Uganda. Mwingereza John Hanning Speke alipita Tabora mwaka 1861, akafika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1862, na katika kitabu chake akaandika Uganda, kama misafara ilivyotamka. Waingereza walipoiweka nchi hiyo chini ya himaya yao mwaka 1894, walitumia jina hilohilo. Na mwaka 1962 likawa jina la taifa huru.

Je, hilo ni kosa? Kwa Mganda, herufi imepotea. Kwa Mswahili, neno limenyooka. Wala Buganda haikufutika. Ingali jina la ufalme.

Basi, ndugu msomaji, tuwasahihishe watoto wetu, lakini tusiwacheke. Wala tusimcheke mfanyakazi mwenzetu kwa lafudhi ya kwao. Wapagazi wale, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa popote, ndio waliolitia jina hilo katika ramani ya dunia.