Saa Nane za Kungoja

Sisi walimu hatupandi ndege mara nyingi, na desturi zake hatuzijui. Mimi nalidhani ya kuwa mtu akipanda Mwanza atashuka Mtwara, kama apandavyo basi. Sivyo. Hushushwa Dar es Salaam, naye hungoja ndege nyingine ya kusini. Mwezi wa Agosti mwaka 2023 nilikuwa nakwenda kwetu Masasi kumtazama baba, aliyekuwa hawezi. Ndugu zangu wakachanga nauli ili nisikawie njiani. Ndege ikatua saa tatu ya asubuhi. Ile ya Mtwara ilikuwa ya saa kumi na moja jioni.

Kwanza nilikata shauri kukaa pale pale kiwanjani. Viti ni vizuri, na hewa ni ya baridi, ila bei ya chai yake ni ya kumwondolea mtu kiu. Nikakaa muda wa saa nzima nikitazama ukuta. Lakini mtu mwenye mgonjwa hana kitako. Ndipo nikakumbuka neno la baba, alilonituma tangu nilipokuwa chuoni, nami sikulifanya: “Ukipita Dar es Salaam, nitazamie mahali pale pa wapagazi.”

Babu yake baba alichukuliwa mwaka 1917, Waingereza walipokuwa wakiwafuata Wajeremani katika nchi ya Lindi na Masasi. Alitwikwa mzigo, akaenda, asirudi. Hakuna kaburi, wala barua, wala mtu aliyekuja kusema, “Nalimwona mahali fulani.” Baba alizaliwa miaka mingi baadaye, lakini alilelewa na bibi aliyekuwa akingoja. Nami nilikuwa nimepita Dar es Salaam mara nyingi kwa basi, kila mara na haraka yangu.

Basi, ninyi mtakaopata saa kama hizi, hesabuni kutoka mwisho, msihesabu kutoka mwanzo. Kiwanja ki mbali na mji kadiri ya kilometa 12, na barabara ya Nyerere husongamana magari bila kutoa taarifa. Nikajiwekea mpaka ya kwamba saa nane mchana, nikiwa nimeona au sikuona, nitageuza uso. Mzigo wangu mkubwa ulikuwa umekwisha pokewa Mwanza. Nilikuwa na mfuko mdogo tu. Nikatoka nje, nikapanda daladala iendayo Kariakoo, nikasimama njia nzima, kichwa changu kimeinama chini ya paa kama mtu anayesali.

Jina hili la Kariakoo twalitamka kila siku, tusilisikie. Wajeremani walijenga pale nyumba ya soko. Vita vikaja kabla halijafanya kazi yake. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakapafanya kambi ya wapagazi wao, lile jeshi lililoitwa Carrier Corps, nao watu wakalisema neno hilo kwa ulimi wao. Nairobi nako kuna mtaa wenye jina hilo hilo, kwa sababu hiyo hiyo. Soko kubwa la siku zetu lilichorwa na Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975, na paa lake ni mfano wa miavuli iliyopinduliwa ipate kukinga mvua. Moto uliliunguza tarehe 10 Julai 2021. Nami nalikuta limezungushiwa mabati, mafundi wamo ndani wakigonga.

Nikazunguka mtaa wa Congo na mtaa wa Msimbazi, nikitafuta sijui nini. Bibi mmoja mwuza vitenge nilimwuliza habari za wapagazi. Akadhani nataka mtu wa kunichukulia mzigo, akamwita kijana. Yule kijana akaja mbio na mkokoteni wake, jasho likimtoka, akasema, “Mzigo uko wapi, mwalimu?” (Alijuaje kuwa mimi ni mwalimu, sijui.) Nikaona haya, nikamnunulia kahawa. Mzee mwenye kuuza kahawa, nilipomwamkia na kumwuliza, alijibu, “Marahaba, mwanangu. Kariakoo ni Kariakoo,” akaendelea kugonganisha vikombe vyake.

Saa sita nikaondoka kwa miguu, nikapita Mnazi Mmoja na Mnara wa Saa, nikafuata barabara ya Samora hata sanamu ya Askari pale Posta. Mahali hapo Wajeremani walisimamisha sanamu ya Wissmann, naye alikuwa na askari mweusi chini ya miguu yake akimtazama. Waingereza wakaiondoa, na mwaka 1927 wakamweka Askari wa sasa, ambaye singe yake yaelekea bandarini. Kwa hiyo askari alipanda kutoka chini hata juu. Nikazunguka nguzo mara mbili nikimtafuta mpagazi. Nairobi amesimama pamoja na wenzake, kwa kuwa sanamu za kule ni tatu, na mmoja wao ni mchukuzi. Hapa juu askari yu peke yake. Wachukuzi wametajwa katika maandiko ya chini, kwa Kiswahili na Kiingereza, wote kwa jumla, pasipo jina la mtu.

Nayo si hapa tu. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola iangaliayo makaburi ya vita ilitoa taarifa yake yenyewe na kuomba radhi. Ilisema ya kuwa watu wasiopungua 116,000, walio wengi wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa. Nilisimama pale juani, magari yakinizunguka, dereva mmoja akinipigia honi niondoke njiani. Nikapiga picha mbili kwa simu. Saa nane ilikuwa imepita kwa dakika ishirini.

Sitawasimulia hofu yangu katika msongamano wa Tazara. Yatosha kusema ya kwamba nalikuwa wa mwisho kuingia ndegeni.

Kesho yake jioni nilifika Masasi. Baba alikuwa amekonda, lakini akili zake zote zilikuwapo. Nikamwonyesha picha, nikamweleza habari za soko na za nguzo. Akaishika simu muda mrefu, akaisogeza karibu na macho.

“Jina lake halipo,” akasema.

“Halipo, baba. Hakuna jina la mtu ye yote.”

“Na wewe ulipokuwa pale, ulilitaja?”

Nikanyamaza, maana halikunijia hata moyoni. Baba akanirudishia simu, akageuka upande wa ukuta, akaomba maji.

Niliporudi Mwanza baada ya siku kumi na moja, nilipewa saa mbili tu pale Dar es Salaam. Nikahesabu kutoka mwisho kama nilivyowaambia ninyi, nikaona hazitoshi kufika Posta na kurudi. Nikakaa kitini, nikaliandika jina lile nyuma ya tikiti.