Kamera Mbili Ndani ya Kreta ya Ngorongoro

Lami iliishia kwenye lango la Loduare, na baada ya hapo gari likaanza kupanda msituni ndani ya ukungu mzito. Dereva alikuwa amewasha taa, na bado hatukuona zaidi ya kona iliyofuata. Nilikuwa sijawahi kufika Ngorongoro. Nimekulia Temeke, na kreta hiyo niliijua kwa kalenda za ukutani tu: kalenda moja iliionyesha kijani kibichi, nyingine buluu, nyingine hudhurungi, nami tangu utotoni nilijiuliza ipi inasema kweli. Sasa nilikuwa njiani kuiona, na mapajani nimepakata mfuko wenye kamera mbili, Canon EOS 5D Mark II na Nikon D700. Zote zilitangazwa mwaka 2008, zote zilikuwa za kuazima, na studio yetu ilikuwa na fedha ya kununua moja ya mtumba.

Kwenye karatasi swali lilionekana jepesi. Canon ina megapikseli 21.1, Nikon ina 12.1. Mteja akisikia hivyo hana la kuuliza tena. Lakini sensa za kamera hizi zinakaribia kulingana kwa ukubwa, takriban milimita 36 kwa 24, sawa na fremu ya filamu ya zamani. Eneo lilelile likikatwa vipande vingi zaidi, kila kipande kinapungua: maikromita 6.4 kwa Canon, karibu 8.5 kwa Nikon. Kipande kipana hukinga mwanga mwingi, kama beseni linavyokinga mvua kuliko kikombe. Ndiyo maana tulitaka kuzipima mahali penye giza la msitu na weupe wa chumvi kwa siku moja, na sijui mahali panapokusanya hayo mawili kwa ukaribu kuliko sakafu ya kreta ile.

Ukingoni, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, baridi iliuma vidole. Ukungu ulipochanika nikaiona sakafu, kama mita 600 chini yetu, pana kuliko nilivyowahi kufikiri. Nikanyanyua kamera. Kaka, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi hii, akanigusa bega.

"Mdogo wangu, usipige bado. Panga kwanza."

Tukapanga. Kila kamera ilifungwa lenzi ya milimita 70 hadi 200, ikavutwa mpaka mwisho, tundu likawekwa 4. Kasi na ISO zililingana, na faili zilikuwa ghafi, maana JPEG ni maoni ya kiwanda kuhusu rangi na ukali, nasi tulitaka kuona sensa yenyewe. Lenzi ya Canon haifungi kwenye Nikon, kwa hiyo kwa kweli tulikuwa tunalinganisha jozi, kamera pamoja na lenzi yake. Anayesema amepima kamera peke yake kwa namna hiyo anaruka jambo kubwa.

Tuliteremka kwa njia ya Seneto, tukaingia msitu wa Lerai. Dume la tembo lilisimama chini ya migunga ya njano, mwili wote kivulini, pembe zimeshika mwanga kidogo.

"Zima gari, suka," Kaka akasema kwa sauti ya chini.

Mtetemo wa injini ulipokoma tulilaza lenzi juu ya mfuko wa maharage. ISO 3200. Tembo alipotembea, Nikon ilishika fokasi mara moja. Ina vituo 51 vya fokasi, wakati Canon ina 9, na kwa Canon ilinibidi nitumie kituo cha katikati, kisha nipange picha upya. Hili huwa haliandikwi kwenye majedwali ya ubora wa picha. Kwangu ni ubora wa kwanza: jicho la tembo likikosa ukali, hakuna megapikseli itakayolirudisha.

Kando ya Ziwa Magadi mambo yaligeuka. Heroe walisimama kwenye maji ya chumvi yanayong'aa, na hatari ikawa kuunguza weupe, kwa sababu sehemu iliyoungua haina kitu cha kurudisha. Tulipunguza mwanga kwa zote mbili, tukapiga kadi ya kijivu ili baadaye tupate msingi mmoja wa rangi. Karibu na hapo korongo taji alisimama akijichambua, na kwenye manyoya yale ya kichwani Canon ilistahili kila pikseli yake. Nyuzi moja moja zilihesabika.

Saa sita mchana tukafunga mifuko. Joto lilikuwa limefanya hewa ya sakafuni ichezecheze, na pundamilia wa mbali walionekana kama wako chini ya maji. Saa hizo ukilinganisha kamera unapima hewa.

Usiku, Karatu, tulifungua faili kwenye kompyuta. Nilipokuza tembo mpaka pikseli zionekane, picha ya Canon ilikuwa na chembechembe nyingi kuliko ya Nikon, nami nikaona kesi imekwisha. Kaka akazipunguza picha zote mbili mpaka zikalingana ukubwa. Tofauti ikabaki kidogo sana. Pikseli 5,616 za upana dhidi ya 4,256: kwa kukuza namna ile nilikuwa nimeinamia picha kubwa kwa ukaribu zaidi kuliko picha ndogo. Na waridi la heroe, ambalo kwenye skrini za kamera lilitofautiana waziwazi, lilikaribiana mara tulipolipima kwa kadi ileile ya kijivu. Hapo nikaelewa na zile kalenda.

Arusha tulichapisha korongo na tembo kwa sentimita 60 kwa 40. Ukishika karatasi mkononi, korongo wa Canon anashinda bila ubishi. Ukirudi hatua chache nyuma, hawatofautiani. Tembo wa Nikon alikuwa safi kidogo kivulini, basi.

Kazi yetu kubwa ni harusi na sendofu za usiku, katika kumbi zenye taa hafifu, na albamu zetu hazizidi sentimita 30. Tungekuwa watu wa kuchapisha mabango ya ndege, ningepigania Canon. Tulinunua Nikon, na fedha iliyosalia tukaiweka kwenye lenzi ya milimita 85 yenye tundu la 1.8. Kutoka tundu la 4 tulilotumia kretani hadi 1.8 mwanga unaoingia unazidi mara nne, na hiyo ni tofauti kubwa kuliko yote tuliyoiona kati ya sensa zile mbili kule Lerai.