Kaye ya kilio: muntu ni nani?

Sisi wanafunzi wa filozofia tulipenda sana maneno makubwa. Tulikuwa wane katika chumba kimoja cha kupanga, Katuba, hapa Lubumbashi, na kila magaribi tulibishana juu ya swali moja: muntu ni nani? Tulijua kama Padri Placide Tempels, Mbelgiji aliyefanya kazi ya misioni Katanga, alitoa kitabu chake juu ya filozofia ya Bantu mwaka wa 1945, katika mji huuhuu, wakati ulipoitwa Elisabethville. Yeye alisema kwamba kwa Bantu, kuwa na nguvu ni kitu kimoja. Tulijua pia kama V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alionyesha katika kitabu chake cha 1988 kwamba mengi yaliyoandikwa juu ya Afrika yalitengenezwa na wageni kwa vipimo vyao. Kwenye mtihani tuliweza kujibu hayo yote. Lakini somo lililokuwa karibu na mlango wetu, nusura litupite.

Siku moja kilio kilitokea katika lupango ya jirani. Kama desturi, matawi ya miti yaliwekwa barabarani, moto ukawashwa inje, wanaume wakauzunguka, wamama wakatandika mikeka ndani. Waliimba usiku kucha, na sisi kesho yake tulikuwa na mtihani. Tulifunga dirisha, tukaziba mlango na nguo, tukanung'unika: "Hawa watu hawana kazi?"

Penye kuingia lupango kulikuwa meza, na juu yake kaye, ambamo kila mmoja anaandikisha jina lake na franka alizoleta. Sisi hatukuenda. Hatukuwa na franka, na kusema kweli tuliona haya jina letu liandikwe na sufuri mbele yake. Tena tulijipatia sababu ya kisomi: tulisema kama ile kaye ni biashara tu. Leo ninakuletea, kesho utaniletea.

Miezi mitatu haikupita, mmoja wetu akapata habari kama baba yake amekufa Kalemie. Njia ni ndefu, mfuko ulikuwa mtupu, hakuweza kufika kwa mazishi. Tulikaa kimya chumbani, hatukuambia mtu. Tulihesabu: nani atakuja kwetu? Jina letu haliko katika kaye ya mtu yeyote.

Magaribi mlango uligongwa. Alikuwa mama mzee wa lupango ile ya kilio, mukeka chini ya kwapa. Nyuma yake vijana wawili na kuni. Mtoto wa mwenye nyumba alikuwa amesikia mwenzetu analia, akaenda kusema. Walilala pale usiku mbili. Bukari na sombe zilitoka katika nyumba ambazo hatukuwahi kuingia hata siku moja.

Siku ya tatu aibu ilitushinda. Tukamuuliza: "Mama, sisi hatukufika kwenu. Sasa ninyi mulikuja juu ya nini?"

Akacheka kidogo. "Bana bangu, munazani kaye ni ya deni? Kaye inatuonyesha nani hakufika. Kama mutu hakufika, tunauliza: anagonjwa? Hana cha kula? Majina yenu haikukuwa mule. Nikasema, bale batoto ba masomo beko na njala. Nilikuwa nataka kuja mbele, nikakawia. Munisamehe."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha. Tulikosa la kujibu.

Toka siku ile, mabishano yetu yalibadilika. Sisi tulitafuta muntu katika nguvu aliyo nayo, katika akili yake, katika kile anacholeta mezani. Mama huyu, asiyepata kufungua hata kimoja cha vitabu vyetu, alianzia upande mwingine: muntu ni yule ambaye akikosekana, watu wanaona nafasi yake.

Hatusemi kama kilio hakina kasoro. Kuna jamaa wanaokopa ili kulisha wageni, na wajane wanaobaki na madeni wakati wageni wamekwisha kurudi kwao. Kuna wanaokuja juu ya kinywaji tu. Hayo yanafaa kurekebishwa, na wazee wenyewe wanayasema. Siku hizi tena wengi wanatuma mchango kwa simu. Ni msaada mzuri kwa aliye mbali. Lakini kaye inaweza kujaa majina, na mikeka ikabaki mitupu.

Sisi wane tumetawanyika sasa: Kolwezi, Likasi, wawili hapa Lubumbashi. Tunapofika penye kilio, hata mfuko ukiwa mtupu, tunakwenda mezani na kuandikisha jina. Kama hatuna franka, tunachota maji, tunapasua kuni. Na mbele ya kurudi nyumbani tunaomba kuangalia kaye, tunatafuta jina ambalo haliko.

Mama yule alikwisha kufariki. Kwenye kilio chake tulifika wote wane.