Mafiga na Jiko Jipya

Wahenga walinena kwamba figa moja haliinjiki chungu. Katika nyumba moja ya Lushoto, milimani Usambara, mafiga matatu yalikwisha kuinjika vyungu vya vizazi vitatu, hata siku moja figa moja likapasuka. Watoto wakataka jiko la udongo lenye dohani. Hoja yao ilikuwa na nguvu: moto wa mafiga hupeperuka pande zote, kuni nyingi huteketea bure, na moshi hujaa nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 katika mwaka wa 2020. Mama yao, aliyekohoa kila alfajiri, hakubisha, aliuliza tu, “Usiku wa Julai tutaota wapi, wanangu?”

Wakanyamaza, kwani wote walifunzwa hadithi na adabu kando ya moto ule. Mwisho wakakata shauri. Jiko likajengwa, nalo kwa wembamba wa mdomo wake likadai kuni kavu zilizopasuliwa. Na mafiga mawili yaliyosalia yakawekwa mbele yake, yawe viti vya waotao moto. Tangu hapo moshi hutoka nje, wala mazungumzo hayakuufuata.